SOMO LA LEO: VIATU VYA MTU ANAYEKWENDA KUOKOA

Salamu kwenu nyote mlioketi katika vikundi, ninyi wa Karatu mjini, Rhotia, Mbulumbulu, Oldeani na Endabash, na ninyi wa huko juu, Nainokanoka na Endulen. Waliokosa kusikia watayasoma maneno haya katika karatasi hii, kama kawaida yetu.

Leo twazungumza habari ya viatu. Najua wako watakaocheka. Mtu aweza kusema, "Mwalimu, tumefundishwa kufunga jeraha, tumefundishwa kutengeneza machela ya miti na shuka, sasa twafundishwa kuvaa viatu kama watoto wa darasa la kwanza?" Cheka, ndugu yangu, lakini kabla hujamaliza kucheka tazama miguu yako. Umevaa nini sasa hivi? Na kama simu ingelia dakika hii, ukaambiwa gari limepinduka kwenye kona, je, usingekwenda na hivyo hivyo ulivyovaa? Wengi wenu mngekwenda. Nami ningekwenda. Basi somo letu laanzia hapo.

Nchi yetu hii mwaijua. Barabara ya lami yapanda kutoka Mto wa Mbu, yapita juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, yafika Rhotia na Karatu, kisha yaendelea mpaka lango la Lodoare. Mji wa Karatu uko juu kiasi cha mita 1,500, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro wapita mita 2,200. Kando ya njia yako makorongo. Na udongo wetu ni ule mwekundu, ambao wakati wa jua huwa mgumu kama tofali, na wakati wa mvua huwa kama sabuni.

Mnaikumbuka siku ya Jumamosi, tarehe 6 Mei, 2017. Asubuhi ile ya mvua, basi lililochukua watoto wa shule kutoka Arusha lilitoka barabarani pale Marera, katika Rhotia, likatumbukia korongoni. Walikufa wanafunzi 32, walimu wao 2 na dereva. Watoto 3 tu walitoka wazima, nao walipelekwa Marekani kutibiwa majeraha yao. Sitaki kuchokonoa msiba wa watu. Nautaja kwa sababu moja: watu waliofika kwanza kule chini walikuwa wanavijiji na wapita njia. Ndivyo inavyokuwa karibu kila mara. Gari la wagonjwa hutoka mbali. Jirani hutoka shambani, na huteremka na kile alichovaa shambani.

Sasa fikirini korongo kama lile, liwe hilo au jingine. Mteremko ni mkali na umelowa. Chini kuna vioo, mabati yaliyochanika, misumari, dizeli iliyomwagika, na damu. Mtu mmoja aliyelala hapo ana uzito, tuseme, wa kilo 70, na machela kilo 10. Watu wanne wakiinua, kila mmoja amepata kilo 20, na wale walio upande wa chini hupata zaidi, kwa kuwa mzigo huwaegemea. Mmoja akiteleza, machela nzima huanguka, na mgonjwa aliyevunjika shingo huumizwa mara ya pili. Mmoja akichomwa na msumari, waliobaki ni watatu, na majeruhi wameongezeka mmoja. Hapo hesabu imeharibika kabisa. Kwa hiyo usidhani kwamba anayetazama miguu yake kwanza ni mwoga au mwenye kujipenda. Yeye anailinda ile machela.

Tuanze na kuteleza, maana ndilo jambo kubwa zaidi katika milima yetu. Udongo mwekundu una chembe nyembamba sana, kama magamba. Maji yakiingia kati yake, chembe hizo huteleza moja juu ya nyingine. Kiatu chenye soli laini husimama juu ya utando huo wa maji, hakigusi ardhi ngumu iliyo chini. Kiatu chenye meno marefu huupasua utando huo na kushika chini yake. Lakini meno peke yake hayatoshi. Meno yakikaribiana mno, tope hujaa katikati na kugandamana, na baada ya hatua kumi umevaa donge la udongo. Chagua soli ambayo meno yake yana nafasi pana katikati, ili tope litoke lenyewe unapokanyaga. Kisha tazama kisigino. Katika kuteremka, mwanadamu hushika ardhi kwa kisigino. Soli iliyonyooka toka mbele hata nyuma, kama ya raba nyingi za kisasa, haina ukingo wa kuuma udongo. Kiatu chako kiwe na kisigino kinachojitokeza, chenye pembe, kama kile cha buti la askari.

Jambo la pili ni kuchomwa. Mwatambua kuwa mtu wa kilo 65 aliyebeba kilo 20 huweka kilo 85 juu ya mguu mmoja kila anapopiga hatua, na zaidi akishuka kwa kishindo. Uzito huo wote ukiangukia ncha ya msumari mmoja, ndala haizuii kitu. Msumari wenye uchafu waweza kuleta pepopunda. Na sindano iliyotupwa, au kioo chenye damu ya mtu mwingine, chaweza kuleta virusi vya Ukimwi na homa ya ini aina ya B. Nyumbani kwetu pia kuna miiba ya migunga, ambayo haihitaji ajali ya gari ili imchome mtu. Anayekwenda kumchukua mama mjamzito bomani usiku huikuta njiani.

Na hapa niwatendee haki wazee wetu. Katambuga, yaani kiatu cha tairi, si kiatu cha kudharauliwa. Ndugu zetu Wamaasai hutembea nacho siku nzima penye miiba, na soli yake huzuia mwiba kuliko kiatu cha dukani cha bei kubwa. Fundi aliyekitengeneza alijua kazi yake. Lakini katambuga ni kiatu cha kutembea, hakikufanywa kwa kazi ya kubeba majeruhi. Vidole viko wazi, kifundo cha mguu kiko wazi, damu huingia juu ikakusanyika chini ya unyayo, na mguu uliolowa huteleza ndani ya kiatu chenyewe. Kwa hiyo ukiwa nacho, usiteremke korongoni. Simama juu, ongoza magari, shika kamba, pokea machela. Kazi hiyo nayo yahitaji mtu.

Mabuti ya mpira je? Hapa watu hubishana sana, nami nina maoni yangu. Mabuti ya mpira ni mazuri penye maji yaliyotulia na tope la tambarare, na hakuna kiatu kinachosafishika upesi kama hicho. Wale waliokwenda kuokoa huko Katesh, katika Mkoa wa Manyara jirani zetu, baada ya tope la Mlima Hanang kushuka juu ya watu tarehe 3 Desemba, 2023, walikuwa na kazi ya tope lililoficha mabati na misumari ya nyumba zilizobomoka. Mahali kama hapo buti refu la mpira lafaa, iwapo lina bamba la kuzuia misumari ndani ya soli. Lakini lile buti jepesi linalouzwa mnadani kwa ajili ya kukamua ng'ombe halina bamba. Na kwenye mteremko hata lililo bora lina kosa moja: halikamati kifundo cha mguu. Mguu wacheza ndani. Ukishuka na machela, mguu husogea mbele mpaka vidole vyagonga, na kifundo hupinduka kwa urahisi. Kwa makorongo ya Rhotia na njia za msituni kuelekea kreta, mimi nachagua buti la ngozi la kufunga kwa kamba, linalopanda juu ya kifundo. Mwenye nafasi ya kuwa na yote mawili, awe nayo yote mawili.

Basi umekwenda dukani, Karatu au Arusha. Utajuaje? Geuza kiatu, tazama ndani ya ulimi wake. Kiatu cha kweli cha kazi kina maandishi, na mara nyingi utaona ISO 20345. Hicho ni kiwango cha kimataifa cha viatu vya usalama. Kiatu kilichopimwa kwa kiwango hicho kina kofia ngumu juu ya vidole, nayo hupigwa kwa nguvu inayolingana na jiwe la kilo 20 lililoangushwa kutoka juu mita 1. Karibu na namba hiyo utaona herufi na tarakimu. Tafuta S3 kwa buti la ngozi, au S5 kwa buti la mpira. Hizo zina maana kwamba soli ina meno, na kwamba ndani yake mna kitu cha kuzuia msumari, kilichopimwa kwa nguvu ya kiasi cha uzito wa kilo 110. Viatu vipya zaidi vyaweza kuwa na S3L au S3S. Hivyo vina kitambaa kigumu mahali pa bamba la chuma. Kitambaa ni chepesi na hakisambazi baridi, lakini msumari mwembamba hukipenya kwa urahisi kuliko chuma. Ukiona FO, soli yastahimili mafuta. Rudini sasa kwenye hesabu yetu ya kilo 85: mwaona kwamba kipimo cha kilo 110 hakikuacha nafasi kubwa. Bamba lakusaidia, lakini macho nayo yaangalie unapokanyaga.

Nataka mshike vizuri jambo linalofuata, maana wauzaji hawalisemi. Viatu hivi pia hupimwa kuteleza, na muuzaji atakuonyesha herufi SR au SRC, akuambie, "Hiki hakitelezi." Lakini kipimo hicho hufanywa ndani ya chumba, juu ya kigae au chuma laini kilichopakwa maji ya sabuni au kitu kama mafuta. Hicho ni kipimo cha sakafu ya kiwanda na ya hospitali. Hakuna aliyeleta udongo wa Karatu katika chumba kile. Herufi hizo ni za kweli na zafaa kwa muuguzi anayekimbia kwenye sakafu iliyomwagika maji. Kwa korongo, yaamini meno na kisigino, yale niliyoyasema mwanzo.

Wengi wenu mtanunua mtumba, wala sioni aibu katika hilo. Lakini jihadharini. Soli nyingi za kisasa zimefanywa kwa aina ya plastiki iliyo kama sponji ngumu, nyepesi na laini mguuni. Plastiki hiyo huharibiwa polepole na unyevu na joto, hata kiatu kikiwa kimekaa sandukuni bila kuvaliwa. Baada ya miaka, ngozi juu yang'aa kama mpya, na soli chini imekuwa kama mkate mkavu. Siku ya kwanza ya kazi inamomonyoka, na mtu hubaki na nusu ya kiatu katikati ya mteremko. Kwa hiyo tafuta mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Mara nyingi vimepigwa chapa ndani au chini ya kiatu. Kisha bonyeza soli kwa ukucha wa dole gumba. Ikiacha alama isiyorudi, au ikitoa vumbi, rudisha. Kikunje kiatu uone kama panatokea nyufa. Na usimsikilize anayeleta sumaku kukuonyesha kuwa mbele mna chuma. Ziko kofia za vidole za plastiki ngumu ambazo ni nzuri na sumaku haizishiki, na chuma peke yake hakikuthibitishii chochote habari ya soli.

Pima kiatu mchana kuelekea jioni, maana miguu huvimba kidogo kwa kutembea. Vaa soksi nene utakazovaa kazini. Funga kamba, kisha piga ncha ya kiatu sakafuni mara mbili tatu, kama anayeshuka mlima. Vidole vikigonga mbele, ni kidogo. Kisigino kikipanda na kushuka ndani, ni kikubwa.

Na hili nawaambia wanunuzi wa zahanati na wa vikundi, ambao wengi wao ni wanaume. Wauguzi na wahudumu wengi wa vijijini ni akina mama, nao miguu yao si namba 43. Nimeona dada akipewa buti kubwa, akaambiwa ajaze kitambaa mbele. Huko ni kumtegea mtego. Buti lililojazwa kitambaa huteleza kisigino na kuvunja kifundo. Nunueni namba 37 na 38 pia. Zipo, muuzaji aagizwe.

Kuna watu wengine ambao twawasahau. Tangu mpango wa m-mama uenee nchini, mama mjamzito au mtoto mchanga aliye hatarini huitiwa usafiri kwa namba 115, na mahali pasipo gari la wagonjwa hutumwa dereva wa jamii na gari lake. Dereva huyu hatengenezi majeraha, lakini humsaidia muuguzi kumwinua mama anayetoka damu, usiku, juani na kwenye mvua. Wengi huendesha kwa ndala. Mwambieni aweke buti moja nyuma ya kiti. Ataendesha na viatu vyepesi akipenda, na akifika atavaa buti. Kabla ya kuvaa akung'ute, maana nge hupenda kulala mahali penye giza.

Habari ya nyoka nitaipita upesi. Nyoka wengi huuma mguu, chini ya goti, na kifutu hulala kimya njiani mpaka akanyagwe. Buti la ngozi nene linalopita kifundo, na suruali iliyoshuka juu yake, hupunguza hatari hiyo, ingawa haliiondoi. Tochi hupunguza zaidi. Na ninyi mlioko ndani ya hifadhi, hakuna kiatu kinachomruhusu mtu kushuka garini penye nyati. Mngojeeni askari wa hifadhi.

Baridi ya ukingo wa kreta pia si ya kuchezea. Ukungu wa asubuhi hulowesha kila kitu, na mguu uliolowa kwa saa nyingi hufa ganzi, nao mguu wenye ganzi haujui umekanyaga nini. Weka soksi kavu ndani ya mfuko wa nailoni. Ni kitu kidogo sana.

Sasa kazi imekwisha, majeruhi wamekwenda hospitali, nawe warudi nyumbani na buti lenye damu. Usiingie nalo ndani. Watoto hutambaa sakafuni. Livue nje, na mikono iwe na glavu. Kwanza ondoa tope kwa maji na brashi, kisha osha kwa sabuni, kwa maana dawa haifanyi kazi juu ya uchafu. Halafu changanya klorini. Kama chupa yako imeandikwa asilimia 3.5, weka sehemu 1 ya dawa na sehemu 6 za maji. Kama ni asilimia 5, sehemu 1 na sehemu 9 za maji. Utapata dawa ya asilimia 0.5, inayotosha kwa damu. Buti la mpira litumbukize dakika 10, kisha lisuuze. Buti la ngozi usilitumbukize, klorini hula ngozi na nyuzi. Lipanguse kwa kitambaa chenye dawa, ngoja dakika 10, kisha lipanguse kwa maji safi. Jaza karatasi za gazeti ndani, likauke kivulini. Yule anayekausha buti karibu na mafiga ataona soli imebanduka. Dawa iliyobaki mwaga. Kesho changanya nyingine.

Na kama umechomwa, usifiche kwa kuona haya. Osha kwa maji mengi na sabuni, usikamue wala kunyonya jeraha, uende hospitali siku ile ile. Dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi yapasa kuanzwa ndani ya saa 72, na kila saa unayochelewa yapunguza nguvu yake. Waulize pia habari ya chanjo ya pepopunda na ya homa ya ini.

Bei, mtaniuliza. Buti zuri la S3 ni fedha nyingi kwa mtu mmoja anayelima maharage. Lakini si lazima kila mtu katika kijiji awe nalo. Machela yabebwa na watu wanne, wengine hupokezana. Kijiji kilicho karibu na kona mbaya chaweza kuchanga kikanunua jozi sita za namba mbalimbali, zikawekwa pamoja na glavu, kamba na tochi, katika sanduku moja penye ofisi ya kijiji au duka linalofungwa usiku sana, na ufunguo uwe kwa watu wawili. Buti linalovaliwa na watu wengi livaliwe na soksi za mtu mwenyewe, likaushwe, na jina la aliyelitumia mwisho liandikwe daftarini. Namba za simu ziandikwe ndani ya kifuniko: 112 ya polisi, 114 ya Zimamoto na Uokoaji, na 115 niliyoitaja.

Kwa juma lijalo, kila kikundi kifanye hivi. Kila mmoja aje amevaa viatu ambavyo angekwenda navyo kwenye ajali leo. Tafuteni mahali penye mteremko, mwageni ndoo mbili za maji, kisha watu wanne wabebe machela yenye gunia la mahindi badala ya mgonjwa, mpande na kushuka polepole. Mwandishi wa kikundi aandike ni nani aliyeteleza, alikuwa amevaa nini, na soli yake ilikuwaje. Barua zenu tutazisoma katika kipindi kinachokuja. Kwaherini.